Chombo Mabegani

"Chombo usichokibeba hakikubebi." Asubuhi ya leo Anjelina amemtupia Fokasi maneno hayo pale ghalani, Fokasi alipokuwa akinung'unika kwamba kiboti kinamkwaruza bega, na wote mkacheka. Kisha mkanijia na swali: Bibi, methali hii imetoka wapi, mbona vitabuni haimo? Haimo kwa sababu ni changa. Mimi nilikuwepo ilipozaliwa, na bado nina meno ya kuisimulia. Sogeeni basi, na wewe Fokasi lalia upande usiouma. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo hapa Mbwitula hakukuwa na kiboti cha mpira hata kimoja. Tulikuwa na mitumbwi, kila mmoja umechongwa kwa mti mzima, mizito ajabu. Mtumbwi ulisukumwa majini juu ya magogo, na kazi ikiisha ulivutwa nchi kavu kwa kamba. Kuuinua mabegani ilikuwa mwiko, na si kwa ajili ya uzito peke yake. Mtumbwi ulipanda mabegani mara moja tu tangu kuchongwa kwake, siku mwenyewe alipofariki. Siku hiyo wanaume waliunyanyua kutoka kivukoni, wakamlaza marehemu ndani yake, wakampeleka kaburini kimya kimya, bila wimbo na bila neno. Wakishazika waliufudikiza juu ya kaburi, ukaachwa hapo uoze taratibu. Kwa hiyo mtoto wa Mbwitula akiona chombo kinapita juu ya vichwa vya watu, hakuuliza kuna nini. Alikimbia nyumbani kuangalia nani hayupo.

Shangazi yangu Gaudensia alikuwa ameviona vyombo viwili vikipanda hivyo kutoka kivukoni hadi uani kwake. Cha kwanza kilikuwa cha mwanawe mkubwa, aliyepinduliwa na kiboko. Cha pili kilikuwa cha mwanawe wa kati, aliyechukuliwa na mafuriko. Akabaki na kitindamimba chake, Ponsiano, binamu yangu, na huyo naye hakuna kitu alichokipenda kama mto.

Nisiwafiche, Ponsiano alikuwa hodari. Alisimama nyuma ya mtumbwi na upondo wake mrefu, akigusa chini ya mto hapa na pale, na mtumbwi ukaenda anakotaka bila kumwaga tone. Wasichana walipenda kwenda kufua akiwa anavuka. Mimi sikuwa mmoja wao, maana ndugu yako humwoni uzuri wake, unaona tu anavyoringa.

Sasa kuhusu asali. Mnajua mizinga yetu iko juu, katika msitu wa Nang'oma, na zamani ilikuwa huko huko. Kwenda hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kurudi na ndoo kichwani kwenye njia ya mawe na miiba, shingo ikizama mabegani kwa siku mbili nzima. Mto Luhasi unapita katikati ya msitu ule na kushuka mpaka kwetu, lakini haukutusaidia kitu, kwa sababu ya Kinu. Ninyi mnakijua Kinu. Mto unaingia kati ya majabali mawili, unajitwanga humo ndani, na upepo ukivuma kutoka huko unausikia ukiwa kitandani. Hakuna mtumbwi uliowahi kupita pale, kupanda wala kushuka. Kuupitisha kando, nani angeubeba?

Ndipo watu wa hifadhi ya msitu walipotuletea viboti. Vilikuwa vitano, vya njano, vya mpira mgumu. Kikikunjwa, kiboti kinaingia kwenye begi la mgongoni kama godoro dogo lililoviringishwa. Ukikifungua na kukijaza upepo kwa mfuko wake wa kupulizia, kinakuwa chombo cha kumtosha mtu mmoja na ndoo mbili za asali. Maana yake unapanda msituni ukiwa umekibeba, kisha unashuka kikiwa kimekubeba wewe. Kikundi cha warina asali kikachagua watu wanne wa kujifunza: Ponsiano, mapacha Damas na Dismas, na mimi Eusebia. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa mwepesi na mbishi. Sifa ya kwanza waliisema hadharani.

Mwalimu wetu aliitwa Ndahani, Mgogo wa Dodoma, na hilo peke yake lilitutosha kwa kicheko. "Mgogo atufundishe maji?" Damas alimwambia mbele za watu siku ya kwanza. "Kwenu si mnayaona kwenye ndoo tu?"

Ndahani alijua utani, hakununa. "Ni kweli," akasema. "Kwetu maji tunayafuata kwa miguu. Ndiyo maana hata mto nauanza kwa miguu."

Tukacheka zaidi, tukidhani kakosa jibu.

Mafunzo yalianzia kwenye maji yaliyotulia, hapo kivukoni. Ponsiano aliingia kwenye kiboti na upondo wake, akasimama wima kama alivyozoea. Kiboti kilimtoka miguuni kama ganda la ndizi, na fundi wa Mbwitula akala maji mbele ya kina mama waliokuwa wakifua. Aliibuka akitema, akasema kiboti kibovu. Ndahani akamwonyesha kukaa chini, miguu mbele, na kupiga kafi la pande mbili, kulia na kushoto, mwili ukicheza pamoja na maji. Alitufundisha kwamba ukielekea kugonga jiwe usilikimbie, liegemee, maana ukijitoa upande wa pili maji yanapanda juu yako na kukugeuza. Tena ukitupwa nje usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, bali ulale chali, miguu mbele, mpaka upate pa kushika. Hilo alilirudia kila siku. Alisema mguu ukinaswa kati ya mawe, mto hausubiri uunasue.

Kisha akatupa lile ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko yote. "Mkisikia maji yananguruma, shukeni. Tembeeni ukingoni mpaka muone mwisho wake. Ukiuona mwisho, na njia ya kufika umeiona, rudi upande kiboti chako. Usipouona, kibebe."

Aliposema kibebe, hakuna aliyecheka. Hata mapacha. Ikabidi nimweleze habari za vyombo na mabega. Ndahani alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akaenda kuwaona wazee. Wazee walikaa juu ya jambo hilo siku nzima wakatoka na uamuzi, na ulikuwa uamuzi wa busara kwa watu waliokaa kivulini: kilichokunjwa ni mzigo, kilichojaa upepo ni chombo. Mzigo unabebeka, chombo hakibebeki. Kwa hiyo penye maji mabaya tutoe upepo, tukunje, tupite, tujaze tena.

Siku ya kuondoka Shangazi Gaudensia alitusindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Hakuwa mtu wa maneno mengi tangu alipomzika yule wa pili. Alimshika Ponsiano mkono, lakini maneno alituambia sote.

"Huyu ndiye niliyebaki naye. Sitaki kuona chombo kikija kwangu mabegani mara ya tatu. Mkiniletea hivyo, mjue mmetuzika wawili."

"Mama," Ponsiano akasema, "mimi nakuapia, chombo hakitapanda bega langu, wala changu hakitapanda bega la mtu. Nitarudi kwa maji, nimekaa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mimi kiapo kile sikukipenda, maana nilijua binamu yangu ni mwongo wa mambo madogo, lakini akiapa kwa mama yake hageuki.

Kupanda kulikwenda vizuri. Mizinga ilikuwa imejaa mwaka ule, tukarina, tukakamua, tukajaza ndoo. Kisha tukavipa viboti upepo, tukafunga ndoo kwa kamba, tukaanza kushuka. Jamani, sijui niseme nini. Mimi njia ile nilikuwa naijua kwa shingo yangu, na sasa nilikuwa nimekaa, nimenyoosha miguu, msitu unapita wenyewe kushoto na kulia. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa ngazi ya mawe ambapo maji yanashuka kwa vishindo. Tulishuka, tukatembea ukingoni, hatukuuona mwisho. Tukafanya kama walivyoamua wazee. Tulishusha ndoo, tukatoa upepo, tukakunja, tukabeba, tukarudi kuchukua ndoo, tukajaza upepo tena, tukafunga ndoo upya. Ni mita chache tu, lakini jua lilitoka utosini likaanza kuinama kabla hatujaondoka pale.

Kizuizi cha pili Damas akakitazama, akatutazama na sisi. "Wazee hawapo hapa," akasema, akajitwika kiboti chake begani kikiwa na upepo wake wote. Dismas akamfuata. Mimi niliganda. Niliwaza watoto wa kijijini wanaokimbia nyumbani kuangalia nani hayupo. Lakini mgongo nao una sauti yake, na wangu ulikuwa umechoka kukunja. Nikakiinua. Kilikuwa chepesi kuliko mtungi wa maji. Nilipokitua upande wa pili nilijigusa mikono na uso kuona kama niko hai, na Ndahani akajifanya hakuniona.

Ponsiano peke yake alikunja. Tulimsubiri. Alikunja tena kizuizi cha tatu, na mara hiyo mapacha walikuwa wameshachoka kusubiri. "Ponsiano, unamkunjia mama nguo?" Dismas akamwita kutoka mbali. Aliinama akaendelea kukunja. Nilimwonea huruma, na pia nilikuwa na njaa, na ukweli ni kwamba njaa ilikuwa kubwa zaidi.

Kesho yake alasiri tukafika Kinu.

Tulikisikia mapema, tukavuta viboti kando palipotulia. Ndahani akatupeleka kutazama kutoka juu ya jabali. Maji yaliingia laini kama mafuta, yakapinda kushoto, na baada ya pale ilikuwa povu tupu na ngurumo. Mwisho haukuonekana. Njia ya kupita kando ilikuwa mbaya, ya kupanda majabali na kushuka, na mbele yake kuna bwawa la viboko ambalo jioni halipitiki kwa maji. Ndahani alisema kuanzia hapa safari ya majini imekwisha, tutabeba kila kitu hadi kijijini.

Ponsiano akauliza, "Kijijini? Tuingie kijijini na vyombo mabegani?"

"Kunja chako, kiwe mzigo. Sisi tutakusubiri."

Damas akaguna. Ni mguno tu, lakini Ponsiano aliusikia.

"Mwalimu, maji haya ni ya kwetu," akasema. "Nimeyasikia tangu tumboni mwa mama. Yanapinda kushoto, halafu yanatoka. Lazima yatoke, la sivyo sisi kule chini tungekunywa nini?"

"Maji yanatoka," Ndahani akamwambia. "Sikatai. Wewe je, umeuona mwisho?"

"Mwisho ni nyumbani."

"Basi niachie nikubebee mimi. Bega langu halikuapa kwa mtu."

"Mimi niliapa. Chombo changu hakipandi bega la mtu."

Nikamwambia, "Ponsi, shangazi hakutaka uape hivyo. Alitaka urudi." Akaniambia niendelee na ndoo zangu.

Ndahani akamwamuru akunje, na akamwona amekaa chini, amefungua kizibo cha upepo. Tukajua yamekwisha. Tukajitwika, tukaanza kupanda jabali, sisi watatu na mwalimu mbele. Tulikuwa tumefika katikati niliposikia Dismas akisema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo. Nikageuka. Kumbe kizibo alikirudisha tulipompa mgongo; kiboti cha njano kilikuwa kinaingia Kinu, na binamu yangu amekaa ndani yake, mgongo wima, kafi mkononi.

Lazima niseme kweli, aliingia vizuri. Alichukua kona ya kushoto kama aliyezaliwa nayo. Baada ya hapo kulikuwa na jiwe ambalo hakuna aliyeliona kutoka juu. Alipolifikia alifanya ambacho mtu yeyote wa mtumbwi angefanya, alijitupa upande wa pili kulikwepa. Maji yakapanda juu ya kiboti, kikageuka, na Ponsiano akawa hayupo.

Ndahani alishatupa mzigo na kukimbia na kamba. Kiboti kilitokea chini kitupu, kikazunguka mara moja, kikaondoka na mto. Ponsiano aliibuka nyuma yake. Alikuwa anajaribu kusimama. Nilipiga kelele alale, alale chali, lakini Kinu hakikumpa nafasi ya kunisikia. Mguu wake wa kulia uliingia kati ya mawe, mwili ukasukumwa mbele, na nilimwona akifungua mdomo. Mto ulipomwachia ulikuwa umeshauvunja.

Kamba ya kwanza ilimpita. Ya pili aliishika, na tukavuta wote wanne mpaka viganja vikachunika. Tulipomtoa alikuwa na rangi ya majivu. Mfupa chini ya goti ulikuwa umekwenda upande. Ndahani alifungua kafi lake katikati, likawa vipande viwili, akaufunga mguu kati ya vipande hivyo kwa khanga yangu na kanda za begi. Ponsiano hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kiboti changu kiko wapi?"

Hapo ndipo sote tulipowaza jambo lile lile. Kiboti kitupu kilikuwa kinateremka kwenda Mbwitula. Viboko hawakizuii kisicho na mtu. Kitafika kivukoni kabla yetu, na Shangazi Gaudensia ataitwa aje akione.

Ndahani akajaza kiboti changu upepo mpaka kikawa kigumu kama ubao. Akakiweka kando ya Ponsiano na kutuambia tumlaze humo, tushike kila mmoja pembe yake, twende. Mguu ule haukutaka kutikiswa, na kwenye njia ile hakuna machela ambayo ingemshika vizuri zaidi.

Ponsiano akakataa. Alishika shina la mti mdogo uliokuwa hapo na hakuliachia. "Nitatambaa," akasema. "Msiniweke humo. Mama akiniona nakuja hivyo atakufa, na nyinyi mnajua."

Mapacha wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumnyanyua, nami nisingewalaumu, maana tulikuwa tumelelewa kijiji kimoja na kwa woga mmoja. Lakini nilimtazama anavyotetemeka, nikakasirika. Nilimkasirikia yeye na kiapo chake, na wazee na mzigo wao na chombo chao.

Nikachuchumaa karibu na uso wake. "Ponsiano, mama yako aliogopa chombo kikulete ukiwa maiti. Wewe ni maiti?"

"Sijafa."

"Basi mbona unataka kwenda kama aliyekufa? Marehemu ndiye anayebebwa kimya. Wewe imba."

"Niimbe?"

"Ule wimbo wako wa upondo, unaotuchosha nao kila asubuhi. Imba mpaka tufike. Ukinyamaza, nakutua chini."

Ndahani hakuelewa nusu ya tuliyosema, ila aliona mkono unaachia mti. Tukamlaza. Mapacha wakashika nyuma, mwalimu na mimi mbele. Tukahesabu, tukainua. Asali tuliiacha pale pale, nyuki na mchwa wagombanie.

Sitawaeleza njia ile hatua kwa hatua. Mabega yalikufa ganzi, yakaamka, yakafa tena. Ponsiano aliimba. Wimbo wenyewe mnaujua, una mstari mmoja wa maana, upondo wangu gusa chini, nyumbani mama anapika, mengine ni kelele. Sauti yake haikuwa nzuri hata alipokuwa mzima. Penye mawe makubwa wimbo uligeuka kilio, kisha ukageuka wimbo tena. Alipozidiwa akanyamaza nilikigonga kiboti kwa kiganja naye akaanza upya.

Tulipokaribia mashamba tukasikia kule kijijini kilio cha wanawake. Kiboti kitupu kilikuwa kimefika.

Jua lilikuwa bado lipo. Tulitokea kwenye migomba, na watu waliokuwa wamejaa uani kwa Shangazi wakageuka, wakaona chombo mabegani. Kilio kilipanda mpaka kikafunika kila kitu. Wanaume walivua kofia. Shangazi Gaudensia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kina mama wamemshika huku na huku, naye hakulia. Alikitazama kile chombo kama mtu anayetazama mgeni aliyekuwa akimtarajia.

"Imba," nikamwambia Ponsiano. "Sasa hivi."

"Sina sauti."

"Itafute."

Akaitafuta. Ilitoka kama mlango mkavu, lakini ilitoka, nyumbani mama anapika. Wa kwanza kunyamaza walikuwa watoto, maana wao ndio waliokuwa karibu. Kisha ukimya ukaenda nyuma, mtu kwa mtu, mpaka uani kote ikabaki sauti moja tu, mbaya, inayoimba kutoka ndani ya kiboti.

Shangazi akainuka. Hakukimbia. Aliwatoa wale kina mama mikononi mwake kama mtu anayevua khanga, akaja, akanyoosha mkono juu ya ukingo wa kiboti, akagusa uso wa mwanawe, akagusa kifua. Akaulizia mguu. Ndahani akamwambia umevunjika, lazima afike zahanati kabla haujavimba zaidi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kijiji.

"Mama, nisamehe," Ponsiano akasema. "Niliapa."

"Nyamaza," akamwambia. Halafu akafikiri, akasema, "Hapana, usinyamaze. Imba."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeshika pembe ya mbele kushoto. Aliniondoa kwa kunisukuma kidogo tu, akaingia chini ya chombo, akaweka bega lake pale lilipokuwa langu. Mwanamke yule ambaye hakutaka hata kukiona. Akasema twendeni, na tukaenda, kijiji kizima nyuma yetu, na sikumbuki nani alianza, ila tulipofika zahanati watu wote walikuwa wanaimba.

Ponsiano alipona. Alibaki na mchechemeo ambao wengine wenu mlimkuta nao, na upondo wake hakuuacha. Jioni ile ile, mganga alipokuwa akimfunga mguu, alimweleza mama yake kila kitu, jinsi sisi watatu tulivyobeba penye maji mabaya na viboti vyetu vikatushusha salama, na jinsi yeye alivyokataa kukibeba chake mpaka kikamtupa. Shangazi alisikiliza.

Msimu uliofuata vijana wengi walitaka kujifunza, na wazee walikaa tena kuamua mambo ya mzigo na chombo. Walikuwa bado wanabishana Shangazi Gaudensia alipoteremka kivukoni asubuhi ya mafunzo. Vijana walikuwa wameshajaza upepo, wanasubiri. Akapita mbele yao, akasimama kwenye maji, kati yao na mto.

"Viinueni," akasema.

Wakatazamana. Mmoja akamkumbusha kwa heshima kwamba, Mama, haviinuliwi.

"Nimezika wawili ambao vyombo vyao havikuwahi kubebwa walipokuwa hai," akasema. "Wa tatu amerudi kwangu mabegani, anaimba. Viinueni. Tembeeni navyo mpaka zahanati na kurudi, kila mtu na chake, ndipo niwapishe. Chombo usichokibeba hakikubebi."

Walikwenda mpaka zahanati, wakarudi, akawapisha. Kuanzia hapo ikawa desturi, na ndiyo hiyo mnayoifanya nyinyi kila mwaka mkidhani ni mazoezi ya miguu. Mpaka alipokufa alikuwa akija kivukoni kila mwanzo wa msimu kuwaangalia wakipita, na kila aliyepita na chombo begani, yeye alimgusa kifua, kama alivyomgusa mwanawe.

Kwa hiyo, Fokasi, kesho mtapita njia ya Kinu. Bega litauma, na mwisho wa maji hutauona. Yatakuwa yanaingia laini kama mafuta, na utajiambia ni mita chache tu. Hapo mkumbuke shangazi yangu na bega lake. Chombo usichokibeba hakikubebi.